Kayamba: Mfungwa wa vita aliyeipa Tanga klabu kabla ya Coastal na Sports

Tanga kuna ubishi usioisha. Nani mkubwa, Coastal Union au African Sports? Wana Kimanumanu watakwambia chama lao ni la 1936 na Coastal wamekuja 1948, kwa hiyo mdogo anyamaze mkubwa akisema. Wagosi wa Kaya nao watakujibu kwa kutaja majina ya wachezaji mpaka kahawa ipoe. Sawa. Lakini kabla ya wote hao, kabla hata ya Yanga ya 1935, mji huohuo ulikuwa na klabu ya Waafrika yenye wanachama, mikutano na mpira ndani yake. Ilianza Machi 1922. Aliyeianzisha alikuwa karani aliyetoka kwenye kambi za wafungwa wa Vita Kuu ya Kwanza, Martin Kayamba Mdumi.

Kwao ni Bondei, huko nyuma ya Tanga mjini, na damu yake ilikuwa ya Wakilindi, ukoo wa akina Kimweri waliotawala Usambaa. Ila kuzaliwa alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891. Baba yake, Hugh Peter Kayamba, alikuwa mwalimu wa misheni ya UMCA, mmoja wa vijana wachache wa zama zile waliopelekwa kusoma Uingereza. Mtoto naye akaingia shule ya Kiungani, Unguja.

Hapo Kiungani mpenzi wa soka asipite mbio. Shule ile iliyoanza kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani ndiyo moja ya sehemu za mwanzo kabisa ambako kandanda lilichezwa pwani yetu. Walimu wa kimisionari waliuweka mpira kwenye maisha ya shule kama walivyoweka kengele na sala. Vijana waliomaliza pale wakatawanyika kuwa walimu na makarani Bara na visiwani, na popote walipokwenda mpira uliwafuata. Ukiuliza soka letu lilipandaje meli kuja Bara, sehemu ya jibu ni hao.

Kayamba alitoka Kiungani mwaka 1906 akiwa kijana wa miaka 15. Akahangaika na maisha Kenya na Uganda, mara ukarani, mara biashara. Mwaka 1914 akawa yuko upande wa Wajerumani, nyumbani kwa wazee wake. Wakati mbaya kuliko wote! Agosti vita ikalipuka Ulaya, na Novemba ikabisha hodi Tanga yenyewe. Waingereza walishusha askari kama 8,000, wengi wao kutoka India. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000 tu, wakawarudisha melini. Wale wanaopenda hadithi za timu ndogo kuifunga kubwa wana yao hapo, ingawa waliokufa hawakuwa mchezoni.

Baada ya hapo kila aliyesoma kwa Waingereza alionekana jasusi. Walimu Waafrika wa UMCA walikamatwa, wakapelekwa bara, wakafungwa na kufanyishwa kazi za sulubu. Kuna waliokufa hukohuko. Kayamba naye alikamatwa. Kosa lake? Kiingereza kichwani na miaka aliyokaa kwenye makoloni ya Waingereza. Uhuru wake ulikuja Tabora, Septemba 1916, Wabelgiji walipouteka mji ule. Huyu hakubeba bunduki, lakini vita ilimla miaka yake kama ilivyowala waliobeba.

Mwaka 1917 akarudi Tanga kama karani kwenye ofisi ya wilaya, sasa chini ya Waingereza. Na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Makarani aliowakuta mjini wengine walikuwa matunda ya shule ya Wajerumani ya Tanga, wengi wao Waislamu, watu waliokuwa wakiitumikia serikali ileile iliyomfunga. Yeye na wenzake wa Kiungani walikuwa Wakristo waliosomeshwa na adui wa Wajerumani. Angetaka visasi, nafasi ilikuwa wazi. Mwaka 1923 alikuwa karani mkuu wa ofisi ya wilaya, cheo ambacho Mwafrika hakuzoea kukiona. Lakini mwaka mmoja kabla ya cheo hicho alikuwa ameshawaita wote wakae meza moja.

Meza hiyo ndiyo Chama cha Watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Watu walikutana baada ya kazi, wakasoma magazeti, wakafundishana jioni, wakacheza mpira. Muislamu na Mkristo, Mbondei na mtu wa Unguja, aliyesoma kwa Mjerumani na aliyesoma kwa Mwingereza, wote ndani. Leo tunaona kawaida beki kumpasia winga bila kuuliza anaswali wapi. Mwaka 1922, miaka minne tu baada ya vita, haikuwa kawaida.

Tusimpambe kupita kiasi. Mlango wa klabu ile ulikuwa mwembamba, ulikuwa wa makarani na walimu wa serikali. Kuli wa bandarini na mkata mkonge hawakuwemo. Hao walikuja kupata nyumba yao kwenye timu za mitaani za miaka ya 1930, na ndiyo maana timu hizo zimeishi mpaka leo wakati chama cha makarani kimebaki vitabuni. Tena wapo waliomwona Kayamba mpole mno kwa wakubwa wa kikoloni, na hawakukosea sana. Alipewa nishani ya MBE, akaivaa.

Hata hivyo mwaka 1931 alipopelekwa London pamoja na Chifu Makwaia wa Usiha na Francis Lwamugira wa Bukoba, kusema mbele ya kamati ya Bunge kuhusu mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, watatu hao waliukataa. Walijua walowezi wa Kenya wangekuwa ndio makocha, manahodha na marefa. Safari ile aliiandikia kitabu kwa Kiswahili, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Mwaka uliofuata akahamishiwa makao makuu ya serikali Dar es Salaam, ofisi ambazo Mwafrika alizoea kuingia akiwa tarishi.

Huko Dar es Salaam, African Association ilikuwa imeshaanzishwa mwaka 1929. Hiyo ndiyo iliyokuja kuwa TAA, na mwaka 1954 TANU.

Kayamba alistaafu mwaka 1938 na hakufika miaka 50. Siku anakabidhi ofisi, African Sports ilikuwa na miaka miwili, na Coastal Union ilikuwa bado miaka kumi izaliwe.