Baraza Iliyozaa Shule

Margaret Trowell alikuwa Mwingereza, mchoraji, aliyekuja Afrika na mumewe daktari. Mwaka 1937, kule Mulago, Kampala, hakungoja jengo. Alianza kufundisha uchoraji barazani kwake. Darasa hilo dogo likaja kuwa shule ya sanaa ya Makerere. Kijana wetu wa Mumias, Gregory Maloba, alivuka mpaka akawa mwanafunzi wake. Huyo ndiye aliyetengeneza sanamu ya Uhuru wa Uganda mwaka 1962, mama anayemwinua mtoto. Mama Trowell alilala 1985.

Sasa mzazi, huyo mtoto unayemchapa kwa kuchorachora daftari, umeuliza ni nani aliyempa kipawa? Hata Bezaleli alijazwa Roho kwa kazi ya mikono. Usikizime.