Georges Cuvier, msomaji wa mifupa

Mwaka wa 1726 daktari wa Uswisi, Johann Jakob Scheuchzer, alitangaza kwamba amepata mifupa ya mtu aliyekufa katika gharika ya Nuhu. Mifupa ilikuwa imeshikwa ndani ya jiwe. Miaka 85 ikapita. Mwaka wa 1811 Georges Cuvier alifika Haarlem, Uholanzi, mahali jiwe lile lilipotunzwa, akalichonga polepole hata miguu ya mbele ikatokea. Hakuwa mtu. Alikuwa salamanda mkubwa, mnyama wa ukoo wa karibu na vyura, lakini mwenye mkia.

Cuvier hakuwa adui wa Biblia. Alizaliwa mwaka wa 1769 huko Montbéliard, mji wa Walutheri ambao wakati ule haukuwa wa Ufaransa bado. Jamaa yake walitamani awe mchungaji. Baadaye, akiwa mtu mkubwa serikalini Paris, alisimamia vitivo vya theolojia vya Waprotestanti. Lakini hakukubali jiwe lisemeshwe neno ambalo halimo ndani yake, hata kama neno hilo lingewafurahisha waamini. Sisi wahubiri tunajua jaribu hilo.

Kazi yake ilikuwa kulinganisha. Mwaka wa 1796, akiwa na miaka 26 tu, alionyesha kwamba tembo wa Afrika na tembo wa Asia ni aina mbili. Ukitazama gego la tembo wetu, utaona juu yake maumbo kama almasi. Gego la yule wa Asia lina mikanda myembamba. Kisha akaleta meno ya mamothi kutoka Siberia, nayo hayakuwa sawa na ya tembo hawa wawili. Basi mnyama huyo yuko wapi leo? Wengi waliona ni vigumu kusadiki kwamba Muumba angeacha kiumbe chake kitoweke kabisa. Cuvier alijibu kwa mifupa: wako waliokwisha.

Siku moja aliona taya dogo ndani ya jiwe la Montmartre, Paris. Akasema ni la mnyama anayebeba watoto katika mfuko wa ngozi tumboni. Mbele ya mashahidi akachimba jiwe, na mifupa inayoshikilia mfuko ule ikaonekana.

Ningependa kuishia hapo, lakini haifai. Sara Baartman, mwanamke Mkhoikhoi wa Afrika ya Kusini, alipelekwa Ulaya akaonyeshwa kwa watu wa London na Paris kama kitu cha ajabu. Alikufa Paris mwishoni mwa mwaka wa 1815. Cuvier akaupasua mwili wake. Aliandika kwamba alikuwa na kumbukumbu nzuri na alisema Kiholanzi. Hata hivyo, katika maandiko yale yale alimlinganisha na nyani. Jicho lililokataa kumwita salamanda mtu lilishindwa kumwona mtu aliyesimama mbele yake. Hapa hakuomba ushahidi; alikuwa ameamua mbele.

Cuvier alikufa mwaka wa 1832, akazikwa kwa heshima. Mifupa ya Sara ilibaki katika makumbusho ya Paris, ikitazamwa na wageni hata miaka ya 1970. Ufaransa iliirudisha mwaka wa 2002, na tarehe 9 ya mwezi wa nane alizikwa Hankey, katika inchi yake. Tangu kufa kwake ilikuwa imepita miaka 186.