Baba Aliyekuwa na Nafasi

Wapendwa wana ndoa, tukizungumza juu ya malezi, mara nyingi baba hutajwa kwa habari ya karo na mama kwa habari ya chakula. Karo ikilipwa, baba huhesabu kwamba kazi yake imekwisha. Mengine ni ya mwalimu. Leo tumwangalie mwanamume mmoja aliyeona mambo kwa njia nyingine. Jina lake ni Louis Martin, baba yake Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu.

Louis alizaliwa Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1823. Alikuwa fundi wa saa katika mji wa Alençon. Tarehe 13 Julai 1858 alifunga ndoa na Zélie Guérin, mama hodari wa kutengeneza lesi, aliyekuwa na wafanyakazi wake mwenyewe. Kazi ya mke ilipokua kupita ya mume, Louis hakuona wivu. Mwaka 1870 aliuza duka lake la saa akamsaidia mkewe. Je, wangapi kati yetu akina baba tungeweza kufanya hivyo bila kunung'unika?

Mungu aliwajalia watoto tisa, lakini wanne walikufa wakiwa wadogo. Wakabaki wasichana watano: Marie, Pauline, Léonie, Céline na kitinda mimba, Tereza. Kisha likaja pigo kubwa. Zélie alishikwa na saratani ya titi, akafariki tarehe 28 Agosti 1877, akiwa na miaka 45. Tereza alikuwa na miaka minne na nusu tu.

Louis alikuwa na miaka 54. Marafiki zake wote walikuwa Alençon, pamoja na mto aliopenda kuvua samaki. Lakini ndugu ya marehemu mkewe alikaa Lisieux na familia yake, na wasichana walihitaji shangazi na binamu karibu. Basi mwezi wa Novemba mwaka huo akaacha yote, akahamia huko pamoja na binti zake. Nyumba yao iliitwa Les Buissonnets.

Darasa la nyumbani

Léonie na Céline walisoma katika shule ya watawa Wabenediktini. Tereza alifundishwa nyumbani. Mwalimu wake alikuwa dada yake Pauline, msichana wa miaka 16 aliyekuwa ametoka shule ya bweni hivi karibuni. Asubuhi ilikuwa ya kusoma, kuandika na katekisimu. Sarufi ilimsumbua mtoto, lakini historia takatifu aliipenda sana. Neno la kwanza aliloweza kusoma peke yake lilikuwa lile la mbinguni.

Siku moja mtoto alitaka kujua kwa nini Mungu hawapi watakatifu wote utukufu sawa huko mbinguni. Aliogopa kwamba wengine watakuwa na huzuni. Pauline akamtuma alete bilauri kubwa ya baba na kastabini ya kushonea. Akavijaza maji vyote viwili, akamwuliza ni kipi kimejaa zaidi. Mtoto akaelewa: vyote vimejaa, hakuna kinachopungukiwa. Mafundisho hayo hayakugharimu hata senti moja.

Masomo yakiisha, Tereza alipanda ngazi mpaka chumba cha juu, mahali baba alipokaa kusoma na kusali, akamwonyesha alama zake. Hata siku ya kutoa zawadi za mwisho wa mwaka ilifanywa nyumbani, familia yote ikiwa imekusanyika. Mwanafunzi alikuwa mmoja tu, lakini hakupewa zawadi ambayo hakustahili.

Majira ya maua

Alasiri ilikuwa ya baba. Alimshika mtoto mkono wakaenda kutembea, na kila siku waliingia katika kanisa fulani kumwabudu Yesu katika Sakramenti. Walipokutana na maskini njiani, Tereza ndiye aliyepewa sarafu awape.

Wenzetu wa Ulaya wana miezi ya baridi kali, miti ikiwa mitupu. Kisha mwezi wa Machi na Aprili ardhi huamka, kama kwetu baada ya mvua kubwa kunyesha. Hapo Louis alichukua ndoana yake, na Tereza akaketi kwenye majani kati ya maua akimngojea. Katika bustani alimpa mtoto kipande chake cha kupanda maua. Tereza alijenga altare ndogo katika ukuta, akachanganya mbegu na maganda ya miti kuwa chai, akamletea baba yake. Mzee huyo aliacha kazi yake akajifanya anainywa. Aliitwa kutazama altare, akaenda na kuisifu. Mwezi wa Mei, mtoto aliyekuwa bado mdogo mno kwenda kanisani kwa ibada za Bikira Maria aliwasha vipande vyake vya mishumaa nyumbani.

Neno moja nyumbani

Msidhani lakini kwamba mtoto aliharibiwa kwa kupendwa. Pauline akisema hapana, ilikuwa hapana. Baba akimwita Tereza watembee, naye hana ruhusa, mtoto alijibu kwamba Pauline hataki. Ndipo baba mwenye nyumba alikwenda kumwomba ruhusa binti yake mwenyewe! Alikuwa amemkabidhi kazi ya kumlea mdogo wake, kwa hiyo hakuivunja mbele ya mtoto. Mume na mke, tazameni hapo. Mara ngapi mama anakataza na baba anaruhusu kwa siri ili apendwe?

Nyumba hiyo haikukosa machozi. Oktoba 1881 Tereza alipelekwa shule, akaonewa na wasichana wakubwa waliomwonea wivu. Mwaka uliofuata Pauline aliingia utawa wa Karmeli, na Tereza akahisi amefiwa na mama mara ya pili. Mwaka 1883 aliugua vibaya, akapona siku ya Pentekoste, tarehe 13 Mei. Mwaka 1886, kichwa kilipomsumbua mno, baba alimtoa shuleni akamtafutia mwalimu wa kumfundisha peke yake.

Jioni ya Pentekoste, tarehe 29 Mei 1887, Louis aliketi bustanini. Mwanzoni mwa mwezi huo alikuwa ameshikwa na kiharusi. Tereza, mwenye miaka 14, alimwomba akilia amruhusu kuingia Karmeli. Baba naye alilia, lakini alikubali. Kisha alichuma ua dogo jeupe ukutani, likatoka na mizizi yake, akampa. Alimweleza jinsi Mungu alivyolitunza ua hilo mpaka siku hiyo. Tereza alilihifadhi katika kitabu chake.

Aliyempa mtoto wake siku zote hizo aliweza pia kumwachilia. Louis alifariki tarehe 29 Julai 1894, baada ya ugonjwa mrefu uliomvuruga akili. Binti zake wote watano wakawa watawa. Tarehe 18 Oktoba 2015 Baba Mtakatifu Fransisko alimtangaza yeye na Zélie pamoja kuwa watakatifu.

Wazazi wapenzi, pengine hatuna bustani, na watoto wetu ni wa shule. Lakini hata jioni ya Jumapili kuna nusu saa ya kunywa ile chai ya mbegu.

Ya kuzungumza wawili ninyi:

1. Wiki hii kila mmoja wetu alimpa kila mtoto muda gani, bila kazi nyingine mkononi?
2. Ni jambo gani mmoja wetu hukataza na mwingine huruhusu? Tutapatanaje?
3. Mtoto wetu akichagua njia ambayo hatukuipanga, tuko tayari kumsikiliza?