Susanna Wesley: Mama Aliyeanza Shule Upya Baada ya Nyumba Kuungua



Wengi wetu tumesikia habari za John Wesley, mhubiri wa Uingereza ambaye kutokana na kazi yake Kanisa la Methodisti lilizaliwa. Tumesikia pia habari za mdogo wake Charles, aliyetunga nyimbo za kumsifu Mungu zaidi ya elfu sita. Lakini mwalimu wao wa kwanza alikuwa mama yao, aliyewafundisha nyumbani. Leo tutazame maisha ya mama huyo, maana kuna jambo ndani yake linalotuhusu sisi wazazi tuliopoteza nyumba.

Kuzaliwa na kuolewa kwake

Susanna alizaliwa London tarehe 20 Januari 1669. Baba yake, Dk. Samuel Annesley, alikuwa mchungaji aliyeondolewa katika kanisa lake mwaka 1662, kwa sababu dhamiri yake haikumruhusu kuikubali sheria mpya ya ibada. Kwa hiyo tangu utoto Susanna aliishi kati ya watu waliojua maana ya kupoteza mahali pao kwa ajili ya imani.

Mwaka 1688 aliolewa na Samuel Wesley, ambaye baadaye alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana katika mji mdogo wa Epworth, mkoa wa Lincolnshire. Mungu aliwajalia watoto 19. Tisa kati yao walikufa wakiwa wachanga. Waliokua walikuwa kumi, wavulana watatu na wasichana saba.

Maisha yao yalikuwa ya shida. Mwaka 1705 kasisi Samuel alifungwa gerezani Lincoln kwa sababu ya madeni, akamwacha mkewe na watoto wadogo. Susanna alimpelekea pete zake ili azitumie kupata fedha, lakini mumewe akazirudisha. Askofu Mkuu wa York alipomwuliza kama amewahi kukosa mkate, alijibu kwamba hakuukosa kabisa, ila taabu ya kuupata na taabu ya kuulipia zilimfanya auone mchungu kinywani.

Siku ya kwanza ya shule

Katika hali hiyo mama huyu aliamua kuwafundisha watoto wake mwenyewe. Tunajua alivyofanya kwa sababu mwaka 1732 alimweleza John kwa barua, baada ya John kumwomba.

Hakumfundisha mtoto kusoma kabla hajatimiza miaka mitano. Siku iliyotangulia darasa la kwanza, nyumba ilipangwa vizuri na kila mtu akapewa kazi yake. Ikaamriwa kwamba mtu yeyote asiingie chumbani kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana, wala kuanzia saa 8 hadi saa 11 jioni. Saa hizo zilikuwa mali ya mtoto na mama yake. Siku hiyo moja mtoto alitakiwa kujifunza herufi zote, na karibu wote waliweza. Ni Mary na Anne tu waliochukua siku moja na nusu. Mwanzoni mama yao aliwaona kuwa wazito, lakini baadaye, alipoona muda mrefu ambao watoto wengine walitumia kujifunza herufi, alikiri kwamba alikosea kuwafikiria hivyo.

Hawakuwa na kitabu kingine cha kuanzia ila Biblia. Samuel, mtoto wa kwanza, alijua herufi kwa saa chache. Mara alipozijua akafunguliwa Mwanzo, sura ya kwanza. Aliuendeleza mstari wa kwanza herufi kwa herufi, kisha akausoma tena na tena hadi akaweza kuusoma bila kusita. Ndipo akapewa wa pili, na kuendelea hivyo mpaka akafikia mistari kumi kwa somo moja. Alianza mwezi wa Februari. Ilipofika Pentekoste alikuwa anasoma sura nzima vizuri.

Mara moja tu utaratibu huo ulivunjwa. Kezia, binti wa mwisho, alianzishwa kabla ya miaka mitano kinyume cha ushauri wa mama yake. Basi akachukua miaka mingi kuliko miezi ambayo wenzake walichukua.

Sala ilianza mapema kuliko kusoma. Mtoto mchanga ambaye hajaweza kusema alifundishwa kutulia wakati wa sala na kuomba baraka ya chakula kwa ishara. Mara alipoweza kusema, alifundishwa Sala ya Bwana, akaisema kila alipoamka na kila alipokwenda kulala. Saa 12 jioni, sala ya jamaa ikiisha, walikula, wakaoshwa kuanzia mdogo, na kufika saa 2 usiku wote walikuwa vitandani.

Susanna alikuwa na watumishi wa nyumbani, lakini kazi ya kufundisha hakumwachia mtu mwingine. Alikuwa mkali pia, kama wazazi wa siku zake, na fimbo ilikuwepo. Hatulazimiki kumfuata katika hilo. Lakini tuzingatie kanuni zake nyingine mbili. Mtoto aliyekosa akikiri kweli na kuahidi kujirekebisha, hakupigwa. Tena, msichana hakupewa kazi kama kushona mpaka ajue kusoma vizuri. Ndugu wazazi, tujiulize ni mabinti wangapi kati yetu wanaochota maji na kubeba watoto wadogo wakati kaka zao wanasoma.

Usiku wa moto

Usiku wa tarehe 9 Februari 1709 nyumba ya Epworth iliungua. Paa lilikuwa la nyasi. Susanna alikuwa mjamzito, karibu kujifungua, akapita katikati ya moto akaungua kidogo mikononi na usoni. Walipohesabiwa watoto, John hakuwepo. Alikuwa na miaka mitano, amebaki ghorofani peke yake. Alionekana dirishani, na kwa kuwa hapakuwa na muda wa kutafuta ngazi, mtu mmoja alipanda juu ya mabega ya mwenzake akamvuta nje. Mara tu baada ya hapo paa likaanguka.

Watu wote walipona, lakini vitu viliteketea, pamoja na vitabu na karatasi zao. Watoto wakatawanywa katika nyumba za majirani na jamaa. Wengine walipelekwa kwa ndugu wa baba yao London.

Hapa ndipo Susanna anapotufanania. Watoto waliporudi, baada ya nyumba mpya ya matofali kujengwa, hawakuwa kama walivyoondoka. Huko walikokaa walikuwa wamezoea kukimbia ovyo, wamejifunza nyimbo mbaya na lugha isiyofaa, na Siku ya Bwana walikuwa wameiacha kuitunza. Kazi ya miaka mingi ilionekana kupotea katika miezi michache. Ni mzazi gani wa makambini asiyejua uchungu huu?

Alivyoanza upya

Mama huyu hakukata tamaa. Alirudisha utaratibu mmoja mmoja. Shule ilifunguliwa na kufungwa kila siku kwa kuimba zaburi. Saa 11 jioni mkubwa kuliko wote alimchukua mdogo kuliko wote anayeweza kusema, wa pili akamchukua anayefuata, na hivyo hivyo, wakasomeana zaburi za siku na sura moja ya Agano Jipya. Asubuhi walifanya vivyo hivyo kwa Agano la Kale. Hivyo wakubwa wakawa walimu wa wadogo. Kwa kuwa karatasi zake ziliungua, alikaa akaandika upya. Januari 1710 alimwandikia binti yake Sukey maelezo marefu ya Imani ya Mitume.

Tena alitenga muda jioni kwa kila mtoto, peke yake, kuzungumza habari za roho yake. Jumatatu ilikuwa ya Mary, Jumanne ya Hetty, Jumatano ya Anne, Alhamisi ya John, Ijumaa ya Martha, Jumamosi ya Charles, na Jumapili ya Emilia na Sukey. John alipokuwa mtu mzima, mwalimu wa chuo kikuu Oxford, alimwandikia mama yake akiikumbuka Alhamisi yake na kutamani kuipata tena.

Mwisho wa safari yake

Si watoto wote waliopata maisha mema. Mabinti kadhaa waliolewa vibaya na kuteseka. Mafundisho ya nyumbani hayaondoi kila machozi. Mumewe alifariki mwaka 1735, naye Susanna akaishi bila nyumba yake mwenyewe, mara kwa mtoto huyu, mara kwa yule. Alifariki London Julai 1742, akiwa na miaka 73. Alikuwa amewaomba watoto wake kwamba roho yake ikishatoka, waimbe zaburi ya kumsifu Mungu. Wakaimba.

Wapendwa, Musa alipowaagiza wazazi wa Israeli kuwafundisha watoto wao wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na kuondoka (Kumb. 6:7), watu wale walikuwa bado wanakaa katika mahema. Tusisubiri kurudi nyumbani ndipo tuanze. Watoto waende shule iliyopo, lakini jioni ni yetu. Chagua mtoto mmoja kwa leo, mwite aketi karibu nawe, soma naye mstari mmoja hadi ausome bila kusita, kisha mwulize habari za moyo wake. Kesho mwite mwingine. Kama wewe mwenyewe hujui kusoma, mkubwa na amsomee mdogo, nawe usikilize na kuomba pamoja nao.

Mungu azibariki jamaa zetu zote. Amina.