Paul Robeson: Mwigizaji aliyeikana filamu yake kuhusu Afrika

MUNIGI, Goma – Mwaka 1994, kamera za dunia zilijaa Munigi kupiga picha za wakimbizi wa Rwanda waliokuwa wakifa kwa kipindupindu. Zilirudi wakati lava ya Nyiragongo iliposhuka mwaka 2002 na mwaka 2021. Mara nyingi aliyechagua picha za kuonyeshwa hakuwa mwenyeji wa hapa.

Swali la nani anaionyesha Afrika, na kwa sura gani, lilimsumbua Mmarekani mweusi Paul Robeson karibu miaka 90 iliyopita.

Robeson alizaliwa Aprili 9, 1898, Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake, mchungaji, alikuwa amezaliwa mtumwa na akatoroka akiwa kijana. Mama yake alifariki kwa ajali ya moto nyumbani Paul akiwa na miaka mitano.

Alipata nafasi ya masomo katika chuo cha Rutgers, akawa nyota wa mpira wa Kimarekani, kisha akapata shahada ya sheria Columbia mwaka 1923. Kazi ya sheria hakudumu nayo: sekretari mzungu alikataa kuandika maneno ya mtu mweusi. Robeson akageukia jukwaa.

Vitisho kwa sababu ya busu

Mwaka 1924 aliigiza New York katika mchezo wa Eugene O'Neill kuhusu mwanaume mweusi aliyeoa mwanamke mzungu. Habari kwamba mwigizaji mzungu, Mary Blair, angembusu mkono zilizua ghadhabu. Barua za vitisho zilimiminika, na ofisi ya meya ikakataa watoto wasiigize sehemu ya kwanza. Ilibidi isomwe kwa sauti. Hata hivyo mchezo ulionyeshwa.

Mwaka 1930 aliigiza Othello jijini London pamoja na Mwingereza Peggy Ashcroft. Huko Uingereza ndiko alikoanza kuitafuta Afrika: alisoma lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo.

Filamu iliyomgeukia

Kwa moyo huo alikubali kuigiza katika Sanders of the River, iliyotoka mwaka 1935. Mwongozaji Zoltan Korda alikuwa amekuja Afrika kurekodi ngoma na maisha ya watu, na Robeson aliamini filamu ingeheshimu utamaduni wa Waafrika. Miongoni mwa Waafrika walioajiriwa London kujaza umati alikuwemo Jomo Kenyatta, baadaye rais wa Kenya, ambaye mwaka 1942 alimuoa Mwingereza, Edna Clarke.

Matokeo yalikuwa kinyume. Filamu ilimsifu mtawala mzungu na kuwaonyesha Waafrika kama watoto wasioweza kujitawala. Robeson, aliyekuwa chifu Bosambo, alionekana mtiifu kwa mkoloni. Marcus Garvey alimkosoa vikali, na Robeson mwenyewe akaikana filamu hiyo. Katika Song of Freedom, mwaka 1936, alidai haki ya kuidhinisha filamu kabla ya kutolewa. Mwaka 1942, baada ya Tales of Manhattan kulaumiwa kwa kuwadhalilisha weusi, aliachana na Hollywood.

Gharama ya msimamo

Mwaka 1943 alirudi na Othello, safari hii Broadway, akicheza na mzungu Uta Hagen. Mchezo ulionyeshwa mara 296.

Wakati huohuo aliongoza baraza lililotetea uhuru wa makoloni ya Afrika. Mkewe Eslanda, aliyetembelea Afrika Kusini na Uganda mwaka 1936, alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo mwaka 1945.

Kwa kupinga ukoloni na kuunga mkono Urusi ya Kisovieti, Robeson alinyang'anywa pasipoti mwaka 1950. Kumbi zilimfungia milango na mapato yake yakaporomoka. Alirudishiwa pasipoti mwaka 1958, lakini afya yake haikukaa sawa tena. Alifariki Philadelphia Januari 23, 1976, akiwa na miaka 77.

Sanders of the River bado inatazamwa leo, na yeye bado ni Bosambo ndani yake.