Lewis Latimer na Mkaa wa Kwenye Glopu

Kuna picha inayozunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp karibu kila semista. Mwanaume mweusi, suti safi, miwani, sharubu, na chini yake maandishi makubwa kwamba huyu ndiye aliyegundua balbu ya umeme, Edison akamwibia. Watu wanaituma, wanaweka alama ya ngumi, maisha yanaendelea. Mtu huyo anaitwa Lewis Howard Latimer. Mimi ni mmoja wa wale wachache hapa chuoni wanaopenda taa kupita kiasi (nina boksi la glopu zilizoungua chini ya kitanda, wenzangu wa chumba wameshazoea), kwa hiyo naomba nimtetee. Tena nitamtetea kwanza dhidi ya wanaomsifia.

Maana balbu hakuigundua yeye. Mwaka 1879 Joseph Swan kule Uingereza na Thomas Edison kule Marekani walikuwa wameshawasha taa zao, wakati Latimer bado anachora michoro ya kazi za watu wengine. Na chumvi hii ina gharama yake. Kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana, mwenzetu mmoja aliwapa kidato cha pili habari ya kwenye picha kama ilivyo. Kesho yake kijana mmoja, aliyeenda kumuuliza kaka yake mwenye simu, akasimama na tarehe zake zote. Darasa likacheka. Tangu siku ile ukitaja jina la Latimer pale, wanajua unaleta hadithi za kutunga. Mtu mzima na maisha yake yote akatupwa pamoja na chumvi waliyomtilia wengine. Sisi ndio tutakaosimama mbele ya madarasa hayo miaka miwili ijayo, basi tujue alifanya nini hasa.

Wazazi wake, George na Rebecca, walikuwa watumwa Norfolk, jimbo la Virginia. Oktoba 1842 walitoroka kwa meli, Rebecca akiwa mjamzito, wakafika Boston kwenye eneo lisilo na utumwa. Hazikupita siku nyingi George akatambuliwa na mtu aliyemfahamu kutoka kusini, akakamatwa ili arudishwe kwa bwana wake. Boston ikachafuka. Wapinga utumwa, akiwemo Frederick Douglass ambaye naye alikuwa ametoroka, walipiga kelele mpaka uhuru wa George ukanunuliwa kwa dola 400. Mwaka uliofuata jimbo la Massachusetts likatunga sheria ya kuwakataza maofisa wake kusaidia kukamata watoro. Watu waliiita kwa jina la Latimer. Kwa hiyo jina hilo lilikuwa kwenye vinywa vya watu kabla Lewis mwenyewe hajazaliwa Chelsea, Massachusetts, tarehe 4 Septemba 1848.

Utoto haukuwa mrefu. Baba aliondoka nyumbani Lewis akiwa na miaka kama 10. Mwaka 1864 kijana akajiunga na jeshi la majini katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, akatoka 1865 na kuanza kutafuta kazi Boston.

Hapa ndipo ninapopenda kukaa. Alipata kazi ya kutumwatumwa katika ofisi ya mawakili wa hataza, yaani zile hati za serikali zinazolinda ubunifu wa mtu. Mshahara dola 3 kwa wiki. Ofisi kama hiyo haiendi bila wachoraji, kwa sababu kila mashine inayoombewa hataza lazima ichorwe kila kipande chake kwa vipimo. Lewis alikuwa anamtazama mchoraji kazini, anashika ni kifaa gani kimetumika kwa mstari gani, kisha anakwenda kutafuta kitabu cha mtumba na vifaa vya mtumba na kufanya mazoezi nyumbani usiku. Hakuna chuo, hakuna bumu, hakuna hata mtu aliyemwambia aanze wapi. Siku moja akaomba wamjaribu. Kufikia 1872 alikuwa analipwa dola 20 kwa wiki, na ndiye aliyekuja kuwaongoza wachoraji wenyewe. Mwaka 1874 akapata hataza yake ya kwanza akiwa na mwenzake Charles Brown, na ilikuwa ya choo cha kwenye treni (wanaotuma ile picha hawaitaji kabisa, sijui wanaona aibu gani). Mwaka 1876 Alexander Graham Bell alipokuwa anakimbilia hataza ya simu, michoro alichora Latimer.

Taa zilimkuta Bridgeport, Connecticut. Mwaka 1880 alikutana na Hiram Maxim, mhandisi mkuu wa kampuni iliyokuwa mpinzani wa Edison, akaajiriwa. Kuelewa alichokifanya pale inabidi tuingie ndani ya glopu kidogo.

Umeme ukipita kwenye uzi mwembamba wa kaboni, uzi unapata moto mpaka unang'aa. Hewa ikiwepo unaungua papo hapo, ndiyo maana chupa inanyonywa hewa. Sasa huo uzi unapatikanaje? Mtu wa Kishapu hahitaji maabara kulielewa hili. Ni mkaa. Ukichoma gogo wazi unapata majivu, ukilifukia vizuri kwenye tanuri, hewa isiingie, unapata mkaa. Watengenezaji wa balbu walifanya vilevile kwa vipande vyembamba vya karatasi au nyuzi za mimea. Na kama umewahi kufukua tanuri unajua kinachotokea: vitu vinasinyaa, vinajikunja, vinapasuka. Kwa gogo si neno. Kwa uzi mwembamba kama wa kushonea, kila kinachojikunja ni hasara.

Septemba 1881, yeye na Joseph Nichols walipata hataza ya namna ya kuufunga uzi wa kaboni kwenye nyaya za chuma zinazouletea umeme. Tarehe 17 Januari 1882 ikaja yake peke yake, namba 252,386, na kwangu hiyo ndiyo kazi kubwa. Alikiweka kila kipande ndani ya bahasha ya kadibodi kabla ya kukiingiza kwenye joto. Kadibodi nayo inasinyaa, tena kwa kadiri ileile, kwa hiyo inakwenda na uzi mpaka mwisho bila kuuvuta wala kuuachia ujikunje. Basi. Ujanja wenyewe ni kadibodi! Lakini ndio ujanja unaoitoa taa kwenye maonyesho ya wakubwa na kuifanya kitu cha kutengenezwa kwa wingi. Na hapa ndipo dhuluma ya kweli ilipo, kama mtu anaitafuta: hataza ina jina lake, ila haki zake ziliandikwa kwa kampuni.

Kwetu Maganzo watu wanaishi kwa kaboni nyingine. Almasi ya Mwadui ni kaboni ileile ya kwenye mkaa, imepangwa tofauti tu kwa joto na mgandamizo wa chini sana ardhini. Wajomba zangu wanaoshinda barabarani wakisubiri vijiwe wananicheka nikiwaambia kaboni ya Latimer ndiyo inayonisisimua. Wao glopu ya njano hawaitaki hata kuisikia, maana chini yake jiwe lenye umanjano linajificha, unalipa bei ya jeupe. Jiwe linatazamwa mchana. Hata LED nyeupe hawaiamini sana. Mimi kwa kusoma na kusahihisha madaftari nakubali LED, inakula umeme kidogo, ubishi wa nini. Lakini kwa mapenzi nabaki na glopu ya uzi. Jioni umeme ukishuka, uzi unabaki mwekundu kama kaa la jikoni, unaweza kuutazama moja kwa moja na kuona umepindwa vipi. LED haikuonyeshi kitu.

Turudi kwake. Kampuni ilimtuma kufunga taa New York, Philadelphia na Montreal. Montreal mafundi walikuwa wanasema Kifaransa, akajifunza Kifaransa ili aweze kuwaelekeza. Mwaka 1882 akapelekwa London kuanzisha idara ya kutengeneza balbu. Maxim naye alihamia Uingereza, akaachana na taa, na mwaka 1884 akatoa bunduki ya rashasha yenye jina lake. Waliosoma historia wanajua bunduki za aina hiyo zilifanya nini Afrika, tangu kwa Lobengula 1893.

Mwaka huohuo wa 1884 Latimer aliingia kwa Edison. Kesi za hataza zilikuwa zinarindima, na Edison alihitaji mtu anayejua kuchora, anayejua sheria, na aliyewahi kufanya kazi ndani ya viwanda vya wapinzani. Latimer akahamia idara ya sheria, akachora ushahidi, akapanda kizimbani kama shahidi. Hataza ya Edison ilipothibitishwa na mahakama ya rufaa mwaka 1892, huyu anayesemwa aliibiwa alikuwa upande wa Edison, analipwa mshahara. Kuna wanaosikitika wakisikia hivyo. Mimi naona mtoto wa mtumwa aliyewahi kusakwa kwa karatasi za kisheria, sasa ndiye mtu ambaye mawakili wanamtegemea kwenye karatasi zao. Mwaka 1890 alikuwa ameshatoa kitabu kinachoeleza mfumo wa taa wa Edison, na kwa mtu anayesomea kufundisha, hicho ndicho cha kutafuta kabla ya ile picha.

Kaboni haikudumu sokoni. Karibu na 1910 William Coolidge alipata njia ya kuvuta tungsteni iwe waya, na uzi wa mkaa ukaanza kustaafu. Ila wapenzi wa taa tuna glopu yetu moja kule Livermore, California, ya uzi wa kaboni, iliyowashwa tangu 1901 na bado inawaka kwenye kituo cha zimamoto.

Latimer aliendelea na mashauri ya hataza kwa miaka mingi. Mwaka 1906 alikuwa akifundisha wahamiaji wa New York Kiingereza na uchoraji wa ufundi, ule ule alioudesa mwenyewe kwa kutazama bega la mtu. Mwaka 1918 watu 28 waliofanya kazi na Edison siku za mwanzo walianzisha umoja wao, na mweusi alikuwa yeye peke yake. Mwaka 1925 alipotimiza miaka 77 mashairi yake yalichapwa kitabu. Alifariki tarehe 11 Desemba 1928 huko Flushing, New York. Nyumba yake ya mbao ilipokaribia kubomolewa, mwaka 1988 waliibeba nzima wakaihamishia kiwanja kingine mtaani hukohuko, na leo ni makumbusho.