Daktari Fischer na ndege wa msitu wetu

Hapa Takaungu vijana huniuliza: wale wageni wenye darubini hufuata nini msitu wa Arabuko-Sokoke? Leo nawapa habari za mmoja aliyewatangulia.

Gustav Fischer alizaliwa Barmen, Ujerumani, mwaka 1848, akasomea udaktari. Mwaka 1876 alifika Unguja, akawa mganga huko. Mwaka 1877 alikwenda Witu, na 1878 akaupanda Mto Tana hadi kwa Wapokomo. Njiani alikusanya ndege. Siku zile kukusanya maana yake kupiga risasi na kuchuna ngozi. Yule ndege wa kijani mwenye kishungi chekundu, ambaye akiruka bawa huonyesha wekundu, mtaalamu Reichenow wa Berlin alimwita Tauraco fischeri mwaka 1878.

Mwaka 1882 Fischer aliondoka Pangani, akafika hadi Naivasha. Mwaka 1885 alirudi bara kumtafuta msafiri Wilhelm Junker, asimpate. Alirejea kwao na homa, akafa Novemba 1886, umri miaka 38.

Jina lake limebaki. Wapagazi waliombebea mizigo hawakuachiwa hata unyoya.

Kijana wangu, wewe huhitaji bunduki. Chukua daftari, toka baada ya sala ya alfajiri, andika siku, mahali, idadi, na jina la ndege alilokufundisha bibi yako. Msitu ukiisha kwa makaa, ndege huyu atabaki kitabuni tu, tena kwa jina la mgeni.